Biri za Mke wa Baharia

Mwajuma hakunitambua kwa macho, maana macho yake sasa yana ukungu. Alinitambua kwa sauti. Mwanangu wa mwisho ndiye aliyenipeleka Kimbiji baada ya mimi kumsumbua mwaka mzima, na barabara ya huko ilinitikisa mifupa mpaka nikaanza kujuta njiani. Nilipofika uani nikabisha, "Hodi wenyewe," na kabla mjukuu aliyekuwa akianika dagaa hajanijibu, nikasikia kutoka ndani: "Agnesi! Wallahi huyo ni Agnesi!" Akatoka akipapasa ukuta, kanga moja kichwani, tukakumbatiana tukawa hatuachiani. Kisha akawaita watoto wa nyumba nzima. "Njooni mumwone bibi yenu. Huyu ndiye mwanamke aliyeinusuru ndoa yangu kwa moshi." Wale watoto wakatazamana wakidhani bibi kazeeka vibaya. Mie nikacheka mpaka nikatafuta pa kukaa. Tangu siku hiyo mwaka ule umenirudia wote, na vyumba vyake, na vyakula vyake, na maneno niliyoyasikia ukutani.

Ulikuwa wakati wa Mwingereza. Nilikuwa nimeletwa Temeke bibi harusi kutoka Songea, na mume wangu Benedikto alikuwa karani bandarini. Temeke ile msiifikirie kwa hii ya leo. Nyumba zilikuwa chache, katikati yake mikorosho na minazi, na mtu akikuita kutoka kisimani unamsikia ukiwa kitandani. Tulipanga chumba katika nyumba ya udongo iliyoezekwa bati, yenye ukumbi katikati na vyumba huku na huku, na nyuma yake ua wa makuti tulikopikia wote. Chumba chetu kilikuwa na kitanda cha kamba, meza, msalaba ukutani, na baiskeli ya Benedikto ambayo usiku ililala ndani kama mtu wa tatu. Kuta zilikuwa hazifiki juu. Ziliishia usawa wa mkono ulionyooshwa, na toka hapo mpaka kwenye bati palikuwa wazi nyumba nzima. Kwa hiyo hapakuwa na siri. Nilijua nani amekoroma, nani amegombana na mkewe, nani anasali alfajiri na nani anajisingizia mgonjwa. Nilisikiliza sana kwa sababu sikuwa na la kusema. Kiswahili changu cha bara kiliwachekesha wanawake wa uani, nami kila wakicheka nikazidi kufunga mdomo, hata wakanipa jina: mke bubu wa karani. Nilikuwa na umri wa kuchekwa, na niliona nitakufa kwa aibu kabla sijafa kwa ugonjwa.

Aliyenifungua ni Mwajuma wa chumba cha mbele. Mumewe, Salum, alifanya kazi ya jikoni melini, akiondoka ni miezi. Siku moja alinikuta nahangaika na nazi, nimeivunja vipande kwa shoka kama kuni. Hakucheka. Alikwenda kuleta mbuzi ya kukunia, akaketi juu yake, akasema, "Njoo, shoga, hii haipigwi, inabembelezwa." Siku hiyo tulikula wali wa nazi na mchuzi wa changu kwenye sinia moja, na toka hapo sikumbuki kula mchana peke yangu. Yeye ndiye aliyenifundisha kuitika "abee", kujifunga kanga isianguke, na kujua samaki aliyechacha kwa kumtazama jicho. Mie nilimfundisha kupika kande, akazila kwa adabu, akasema zinafaa kwa mtu mwenye safari ndefu.

Safari moja Salum alirudi na kisanduku cha mbao laini yenye wekundu, kifuniko chake kimebandikwa picha ya mwanamke mwenye upepeo. Abiria mmoja alimpa zawadi kwa ajili ya mapishi yake. Ndani zilipangwa biri, zile nene za jani zima la tumbaku lililoviringwa, kila moja na utepe mwekundu wa karatasi kiunoni. Salum hakuwa mvutaji. Alipenda lile sanduku. Alimwambia mkewe, nami nasikia juu ya ukuta, "Biri wagawie wazee, sanduku weka vipuli vyako." Kisha akaondoka tena na meli, na Mwajuma akaniita nikaone. Alipofunua kifuniko harufu ikatoka, nami nikalia palepale. Nyumbani tulilima tumbaku. Nimekulia chini ya majani yaliyoning'inizwa bandani juu ya moshi wa kuni, yakigeuka rangi siku baada ya siku, na bibi yangu mzaa baba alikuwa na kiko ambacho hakuna aliyethubutu kukigusa. Tangu nije pwani sikuwa nimekutana na kitu chochote chenye harufu ya kwetu. Nilimweleza Mwajuma haya huku nikijifuta kwa kanga, na nadhani ndiyo hotuba ndefu kuliko zote nilizopata kutoa katika mji ule. Akaniangalia, akaitazama ile biri mkononi mwake. "Wazee wasubiri," akasema. "Kwanza tuonje sisi."

Tulionja vibaya. Tulikuwa hatujala tangu asubuhi. Yeye aliing'ata ncha kama muwa, nami nikaiwasha kwenye koroboi, kwa hiyo pafu la kwanza lilikuwa la mafuta ya taa. Tena tukavuta kama tulivyowaona wanaume wakivuta sigara, moshi wote ndani mpaka kifuani. Mwajuma alishika kinu kwa mikono miwili akisema nyumba inazunguka. Mie nilikimbilia mpapai wa uani nikatapika mbele ya kila mtu. Kesho yake wanawake walewale waliokuwa wakinicheka waliniletea maembe mabichi na ukwaju, wakanishika tumbo wakinitakia heri. Sikuweza kuwaambia ukweli, nikayala yote. Benedikto alitembea kifua mbele siku kadhaa mpaka nilipomkatisha tamaa, naye kwa upole wake akasema, "Haidhuru, maembe yalikuwa matamu."

Nikitazama nyuma naona ajabu kwamba hatukukoma. Lakini Mwajuma alikuwa mtu asiyekubali kushindwa na kitu kinachoshikika mkononi, nami nilitaka ile harufu. Tukajifunza kidogo kidogo. Tukajua kula kwanza, tena kushiba, na kuwa na chai ya sukari nyingi karibu. Nikakata ncha kwa wembe, kipande chembamba tu, jani lisifumuke. Tukaacha koroboi tukatumia kiberiti, tukingoja kichwa cha njiti kiishe kuungua, ndipo tunausogeza moto bila kuugusisha, huku biri ikizungushwa taratibu mpaka ncha nzima iwe nyekundu sawasawa. Kubwa kuliko yote tukajua kutomeza moshi. Unauvuta polepole kama mtu anayekunywa uji wa moto, unaukalisha mdomoni, unauonja, unautoa. Mwajuma aliniuliza, "Unapata nini?" nami nikafumba macho nikasema napata banda la baba baada ya mvua. Yeye akasema anapata karafuu na ngozi ya kiatu kipya. Ilipokuja masika biri zikaota ukungu mweupe, naye akataka kuzitupa. Nikazifuta moja moja kwa kitambaa kikavu, nikazianika kivulini, nikamwambia jani la tumbaku ni kama mgonjwa, halipendi jua wala chepechepe. Ukiacha zile kande, ilikuwa mara ya kwanza tangu nifike Dar es Salaam kwamba kuna jambo nililijua mie na mwenzangu hakulijua.

Siku yetu ilikuwa Ijumaa alasiri, wanaume wakiwa kazini na wanawake wengi wamelala mchana. Tulivuta moja kwa wawili, mlango umefungwa, tumekaa mkekani migongo ukutani. Majivu tuliyaacha yarefuke kwenye ncha tukashindana ni mkononi mwa nani yataanguka. Ndipo tulipoongea. Alinieleza alivyoolewa, na woga wake kila meli inapong'oa nanga, na kwamba hajapata mtoto na mama mkwe ameanza kuhesabu miaka. Nilimweleza nilivyoogopa uani. Na kwa sababu moshi ulipanda na kutembea juu ya kuta zile fupi, Mwajuma alichoma udi baada ya kila kikao ili kuufunika. Hatukufikiri hata kidogo jambo hilo lingesomeka vipi. Tulikuwa wasichana. Tulichofikiria ni sifa yangu tu: Benedikto alikuwa akitajwa kuwa mzee wa kanisa, na nilimwapisha Mwajuma kwamba hata iweje asitaje jina langu. Akaapa.

Kisha Bi Zena akaja. Huyo ndiye mama yake Salum, mwanamke wa shamba huko Chanika, mrefu, mwenye sauti ya kuitia watu ng'ambo ya bonde, na tumbaku ya kutafuna shavuni asubuhi mpaka jioni. Alifika kwa lori la mihogo, Jumamosi, bila taarifa, akaingia chumbani kwa mkwewe moja kwa moja. Nilikuwa nachambua mchele uani. Nikasikia salamu, halafu nikasikia akinusa. Hilo nalo lilisikika juu ya ukuta.

"Mwajuma. Salum yuko wapi?"

"Yuko safarini, mama."

"Sasa udi huu unamfukizia nani?"

Kisha kisahani kikagonga meza, na nikajua amekiona kipande cha biri tulichokuwa tumekiacha kijizimie chenyewe.

"Na huyu bwana anayevuta hii ni nani?"

"Ni yangu, mama."

"Yako! Mwanamke gani anavuta dude hili? Usinifanye mtoto. Mwanangu yuko baharini anakula mawimbi, wewe unafukiza udi na bwana mwenye biri!"

Nyumba nzima ilisikia. Mchana ule hakuna aliyeazima chumvi kwa Mwajuma. Wanawake wa uani walizungumza kwa kunong'ona, na kila mmoja akakumbuka kitu: mlango uliofungwa mchana, kicheko, kikohozi kizito. Mmoja akaapa alikiona kivuli cha kofia. Nilipata nafasi ya kumfuata Mwajuma kisimani. Macho yalikuwa yamemvimba. "Sema tulikuwa wawili," nikamwambia. "Niliapa," akasema. "Na wewe una mume yuko nyumbani, wa kwangu yuko mbali. Nyamaza, litapita." Lakini halikuwa la kupita. Bi Zena alikuwa amemwita kaka yake, Mjomba Kibwana, aje Jumapili. Mjomba ndiye mwenye sauti katika ukoo ule, na kila mtu alijua akitamka Mwajuma arudi kwao, Salum atakuta chumba kitupu.

Jumapili nilikaa kanisani bila kusikia neno la padri. Tuliporudi, mikeka ilikuwa imetandikwa ukumbini. Mjomba Kibwana alikuwa mzee mfupi mwenye kanzu iliyopigwa pasi vizuri, anayetabasamu bila kutoa hukumu mapema, nami nikamwogopa zaidi kwa hilo. Bi Zena alikaa kando yake. Mwajuma alikuwa chini, kichwa kimeinama. Benedikto aliombwa akae kama jirani mwenye heshima zake, nami nikapewa kazi ya kuleta kahawa.

"Bwana karani," Mjomba akasema, "wewe chumba chako kinaelekeana na hiki. Umepata kumwona mwanamume akiingia?"

"Sijamwona, mzee wangu."

"Na moshi je?"

Mume wangu hakuwa na uwezo wa kusema uongo hata ungemnusuru na simba. Alikohoa. "Moshi nimeusikia, mzee. Ijumaa nikirudi kazini huwa uko juu kule, chini ya bati."

Bi Zena akajipiga paja. "Mmesikia wenyewe!"

Nilikuwa nimesimama mlangoni na sinia la vikombe. "Mzee, naomba kusema," nikasema, lakini sauti haikutoka, au ilitoka kidogo mno. Mjomba alikuwa tayari amefungua kinywa. Nikaona mabega ya Mwajuma, jinsi yalivyotulia, kama mtu aliyekwisha kukubali. Nikaweka sinia chini kwa kishindo, kahawa ikamwagika, na nikasema kwa sauti ambayo sikuijua: "Huyo mwanamume mwenye biri ni mimi!"

Vichwa vyote viligeuka.

"Agnesi, nyamaza," Mwajuma akasema bila kuinua uso.

"Sinyamazi, mwenzangu. Nimenyamaza vya kutosha." Na nikaeleza yote, kwa Kiswahili changu kilekile cha bara, bila kujali nani atacheka: sanduku, harufu ya kwetu, mpapai, udi, kiapo. Sikumtazama Benedikto.

Mjomba Kibwana alinisikiliza hadi mwisho. "Ulimi hauna mfupa, binti," akasema. "Shoga humtetea shoga yake. Sanduku lipo? Leteni. Vuteni tuone."

Mwajuma alinisukumia wembe, nikakata mimi. Nikapiga kiberiti, nikangoja, nikasogeza moto, nikazungusha. Ukumbi mzima ulikuwa ukiitazama ile ncha ikiwaka pole pole. Nikavuta, nikaonja, nikatoa moshi, nikampa Mwajuma. Alikuwa analia, lakini mdomo wake ulijua kazi. Alivuta vizuri kuliko mimi, kama kawaida yake, akatoa moshi mrefu ulionyooka mpaka kwenye bati. Tukapokezana hivyo, majivu yakarefuka, meupe, hayaanguki. Bi Zena alikuwa amejivuta mbele taratibu bila kujua, mpaka magoti yake yakatoka nje ya mkeka.

"Kumbe hammezi?" akauliza.

"Hatumezi, mama," Mwajuma akajibu.

"Moshi mnautoa hivyo hivyo?"

"Hivyo hivyo."

"Tumbaku yote hiyo!" akasema kwa uchungu wa kweli, kama aliyeona maziwa yakimwagwa. "Lete huku." Akaitema ile ya shavuni, akaipokea biri, akavuta kwa nguvu za mtu anayelima, na akameza. Tukamngoja aanguke. Alifumba macho, akakaa kitambo, moshi ukamtoka puani bila haraka. "Laini mno," akasema. "Yetu ya Chanika ina maneno zaidi."

Mjomba Kibwana alicheka kofia ikamtoka kichwani. Alicheka akishika mbavu, na uani nako kikalipuka kicheko, kumbe walikuwa wote nyuma ya mlango. "Hapa hakuna mwanamume," akasema alipopata pumzi. "Hapa kuna wanawake wawili wazimu, na dada yangu ni wa tatu."

Bi Zena peke yake hakucheka. Aliiweka biri kisahanini, akamshika mkwewe mkono. "Nimekuvunjia heshima, mwanangu."

"Nilikwambia ni yangu, mama," Mwajuma akasema. "Hukunisadiki."

"Sikukusadiki. Nisamehe." Na kwa kuwa alimtuhumu kwa sauti kubwa, alimsafisha kwa sauti kubwa vilevile. Alipita chumba kwa chumba jioni ile, akasimama kwenye kila mlango akasema amemkosea mke wa mwanawe. Alikaa nasi wiki nzima akitupikia, na Ijumaa ilipofika aligonga mlango akauliza kama ametangulia au amechelewa. Salum aliporudi aliyasikia yote kwa mama yake kabla hajavua viatu. Tulisimama tukingoja atasema nini. "Sanduku lipo?" akauliza. Mwajuma akasema lipo. "Basi," akasema, akaomba maji ya kuoga. Safari iliyofuata alileta masanduku mawili, moja la mama.

Nilivuta miaka michache tu. Watoto walipokuja niliacha, na Mwajuma akaacha baadaye, kifua kilipomwambia. Lakini wanawake wa uani hawakunicheka tena. Walianza kunituma. Kukiwa na shauri na mwenye nyumba, "Aende Agnesi." Kukiwa na ugomvi wa kisima, "Mwiteni Agnesi." Nimekuja kusimamia akina mama wa parokia, nimefundisha watu wazima kusoma, nimesimama mbele ya wakubwa wa wilaya nikawaambia wasichopenda, na kila mara kabla ya kusema nimeikumbuka ile kahawa iliyomwagika ukumbini siku ile.

Nimetangulia mbele, nirudi jioni ya Jumapili hiyo. Watu walikuwa wamekwisha kutawanyika. Nilimwandalia Benedikto ugali na kisamvu, nikakaa chini nikingoja. Alikula pole pole bila kunitazama. Nilifikiri juu ya uzee wa kanisa, na watakavyosema kazini, na nauli ya kurudi Songea.

"Agnesi," akasema.

"Abee."

"Tangu lini wewe unasema mbele za wazee?"

"Tangu leo."

Akamega tonge, akaliviringa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. "Usiache," akasema.

Sikumwelewa. "Nisiache nini, biri au kusema?"

Mume wangu akalichovya lile tonge kwenye kisamvu, na ndipo nikaona kuwa muda wote ule alikuwa anajizuia kucheka.

"Biri," akasema, "unaweza kuacha."